Mwingereza wa Sahare na hati ya nyumba

Watu wengi wa Tanga huamini kwamba mzungu anayezeekea hapa hana shida. Ana pensheni ya pauni, ana pasi ya kumrudisha kwao akichoka, na akiugua watoto watamtumia tiketi. Mama mmoja wa Sahare, Mwingereza mwenye umri wa miaka 76, ameshachoka kueleza kwamba mambo hayako hivyo. Jina lake halitajwi hapa kwa kuwa familia bado haijamaliza mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yanahusu nyumba.

Alikuwa muuguzi Leeds. Mumewe ni Mbondei wa Magila, Muheza, aliyekwenda Uingereza kusomea ufundi mitambo miaka ya 1970 akapata kazi hukohuko. Walioana, wakapata watoto wawili. Zaidi ya miaka 30 mzee aliishi ugenini na pasi yake ya Tanzania, na kila alipoambiwa achukue uraia wa kule alijibu kwamba yeye ana kwao. Januari 2010 wakafungasha virago wakaja Tanga. Kwa mzee ilikuwa kurudi, kwa mama ilikuwa kuhama, ingawa ndugu waliwapokea wote wawili kwa neno moja: "Mmerudi."

Kwanza pesa, maana ndiko uvumi ulikoanzia. Mama alianza kulipwa pensheni ya serikali ya Uingereza alipotimiza miaka 60, mwaka 2009. Kiwango kamili cha msingi kilikuwa pauni 95.25 kwa wiki. Muuguzi mwenzake aliyestaafu mwaka uleule na kubaki Leeds, kufikia 2025 alikuwa akilipwa pauni 176.45, kwa kuwa kule kiwango hupandishwa kila Aprili. Cha mama hakijapanda hata senti moja. Uingereza huwaongezea wastaafu wake wanaoishi nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine chache, zikiwamo Jamaika na Ufilipino. Tanzania haimo. Kenya nayo haimo, wala Australia na Canada. Anayehamia nchi hizo hubaki na kiwango kilekile alichoondoka nacho, na walio katika hali hiyo duniani ni zaidi ya laki nne. Mama alikatwa michango sawa na mwenzake miaka yote ya kazi. Hiyo ni dhuluma, na haipungui kuwa dhuluma kwa sababu aliyedhulumiwa ni mzungu. Ana pensheni nyingine ya kazi, ambayo hupanda, lakini ni ndogo kwani alifanya zamu za nusu siku alipokuwa akilea.

Halafu kuna fomu ya uhai. Kila baada ya muda hufika karatasi kutoka Uingereza ya kuthibitisha kwamba mstaafu hajafa, nayo hutakiwa kutiwa sahihi na shahidi na kurudishwa. Sahare hakuna tarishi anayegonga mlango. Barua hulala kwenye sanduku la posta mjini mpaka mwenye ufunguo apite. Mwaka mmoja ufunguo ulikuwa na mpwa wa mzee, na mpwa alikuwa Dar es Salaam. Fomu ikachelewa, malipo yakasimama, na kwa miezi miwili mama akawa marehemu kwenye vitabu vya kwao. Wakati ule alilia. Siku hizi huisimulia kwenye vikao vya akina mama wa kanisani, naye hucheka kuliko wote.

Kwa mambo ya kila siku ameshakuwa mtu wa hapa kuliko anavyojua mwenyewe, japo si kwa yote. Samaki hununua soko la Deep Sea, lakini haendi yeye. Humtuma kijana wa jirani, kwa sababu changu anayeuzwa kwa bei ya watu wote hupanda bei mara tu mzungu anapomsogelea. Umeme wa luku hununua kwa simu. Maji ya kunywa huchemsha na kuchuja, hata baada ya miaka 15. Februari, joto la kaskazi linapokuwa kali, hulala mchana chini ya feni na hataki kuamshwa na mtu yeyote.

Na ana maoni, tena mengi. Chai ya Tanga anaona ni sukari iliyotiwa majani kidogo. Kadi ya harusi inayosema saa 8 wakati bwana harusi anafika saa 11 anaiona ni uongo ulioandikwa kwa wino wa dhahabu. Michango ya harusi ndiyo iliyomshinda kabisa: kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la watu asiowajua, kutajiwa kiwango, kisha kukumbushwa kama mdaiwa. Kwao, anasema, anayealikwa hupeleka zawadi kwa kadiri ya uwezo wake, na asiye na uwezo hula keki tu. Hapo wasomaji wengi watakuwa upande wake, hata wasiothubutu kutoka kwenye makundi hayo.

Kinachomkera zaidi ni mlango. Kwa malezi yake mtu hubisha hodi, husubiri, hukaribishwa, ndipo huingia. Wifi yake, mdogo wa mzee, hupiga hodi akiwa ameshafika jikoni na ameshafunua sufuria. Miaka mitano ya mwanzo waligombana kimoyomoyo kwa jambo hilo. Siku mama alipoanguka bafuni na kuvunjika mkono, aliyemkuta ni wifi huyohuyo, kwa tabia ileile ya kuingia bila kusubiri. Mama amekiri hilo. Hata hivyo bado anataka asubiriwe, na haki yake anayo.

Akilalamika sana, mzee humkumbusha Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha askari wao Tanga, wengi wao wakiwa Wahindi, dhidi ya jeshi la Wajerumani lililokuwa dogo zaidi, wakarudishwa baharini kwa risasi na kwa nyuki. Mwingereza mmoja, humwambia, ataiweza wapi Tanga peke yake?

Utani huo umepungua tangu mzee aanze kuugua. Ana miaka 79, ana kisukari, na mwaka jana mguu ulimlaza wiki kadhaa. Alipotoka hospitali alitaka hati ya nyumba itolewe kabatini, kwani hati ile ina jina lake peke yake. Watoto wote wawili wamezaliwa Uingereza na ni raia wa kule. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mama ni Mwingereza. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mjane kuishi kwenye vyumba vitatu na mwembe si uwekezaji. Kwa maneno mengine, mzee akitangulia, katika wale aliowajengea hakuna hata mmoja anayeweza kuandikwa kwenye hati kwa wepesi.

Yamependekezwa mambo matatu. Watoto wanasema nyumba iuzwe sasa, wazee wahamie Leeds. Wifi anataka hati iandikwe jina la mwanawe, yule mpwa wa ufunguo, naye mkaza mjomba wake akae humo mpaka mwisho wa maisha yake. Mzee anataka mkewe aombe uraia wa Tanzania, na aombe sasa, kwani Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke wa raia njia hiyo mumewe akiwa hai. Kila mara husisitiza maneno hayo mawili ya mwisho, naye mama huinuka kwenda kutazama chungu.

La Leeds mama amelikataa kwa sababu ambazo watoto hawakuzitegemea. Yule muuguzi mwenzake anaishi peke yake; mlezi wa kulipwa huja asubuhi kwa dakika 15, humvalisha, humpa uji, hutia sahihi na kuondoka. Mama aliwahi kuifanya kazi hiyo, anajua dakika 15 zinatosha nini. Tena kule matibabu mengi ya hospitali hutolewa bure kwa mkaazi, si kwa mwenye pasi tu. Akienda kuwasalimu wajukuu akalazwa, anaweza kuletewa bili kama mgeni yeyote. Kurudi moja kwa moja kungemrudishia haki hiyo, na pensheni yake ingepanda. Ila mzee hawezi tena baridi, na hataki kuzikwa mbali na Magila.

La mpwa ni gumu zaidi, kwa sababu wifi halisemi kwa tamaa. Ndiye aliyesimamia ujenzi wakati kaka yake yuko Uingereza. Alihesabu matofali na kulala na walinzi. Anaona nyumba ile ni ya ukoo na mtoto wake ndiye aliyebaki nchini. Lakini hati ya jina la mtu ni mali ya mtu huyo. Kijana ni mwema leo. Kesho ataoa, atakopa benki, dhamana itakuwa ipi? Mama mwenye nyumba atakuwa mgeni anayehurumiwa ndani ya jiko lake mwenyewe, na huruma hiyo itategemea mke wa kijana ambaye hakuna amjuaye. Familia nyingi za pwani zimeshaliona jambo hili bila kuwamo mzungu yeyote.

Limebaki la uraia. Kwa muda mrefu mama alilikwepa akidhani akiitoa pasi ya Kiingereza atapoteza pensheni pamoja nayo. Binti yake ndiye aliyelifuatilia. Pensheni inatokana na michango, haiulizi uraia. Itaendelea kuja vilevile ilivyogandishwa. Isitoshe, sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981 inampa mtu aliyeukana uraia ili apate wa nchi nyingine haki ya kuudai tena, mara moja tu maishani. Kwa hiyo hofu ya pesa ilikwisha, ikabaki ile ambayo haina hesabu. Mama hakuwahi kujiona mzalendo. Hata hivyo, siku alipoambiwa atatakiwa kuandika kwamba anaukana uraia aliozaliwa nao, hakula chakula cha mchana.

Alimwuliza mumewe kwa nini yeye hakukubali kuukana wake kwa miaka 30 na zaidi, na leo anamwomba mwenzake afanye hivyo.

Mzee alinyamaza kidogo. "Mimi nilijua nitarudi," alisema. "Wewe unarudi wapi, mama watoto?"

Hakumjibu siku ile. Wiki iliyofuata alimwomba amsindikize kwa wakili, wakaulizia gharama, muda na hatua zote, na mama akaandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wake wa wodini. Wifi ameambiwa. Amenuna, lakini hajaacha kuja, wala kufunua sufuria. Mzee naye ameahidi kuandika wosia utakaomtaja mpwa kwa shamba la michungwa la Muheza, jambo lililopunguza kununa kwa kiasi fulani.

Fomu zimeshajazwa. Zimebaki picha, na mama hataki kupigwa picha kabla ya kukatwa nywele. Anayemkata nywele ni wifi, ambaye yuko Muheza na hatarudi mpaka machungwa yaishe.