KADI YA MIAKA MIWILI



Leo nazungumza na wewe uliye Marekani, na wewe mzazi uliye hapa Lubao unayesubiri simu kutoka huko. Fungua Mwanzo 2:24, kisha Mithali 12:22. Soma polepole, halafu urudi hapa.

Ukipewa ukaaji wa Marekani kwa njia ya ndoa, na siku hiyo ndoa yenu haijafikisha miaka 2, kadi yako ni ya miaka 2 tu. Ni kadi ya masharti. Sheria hiyo ilipitishwa 1986 kwa sababu kuna watu walikuwa wanaoana kwa ajili ya karatasi. Katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, wewe na mwenzako mnatuma fomu I-751 na kutia sahihi wote wawili. Ukinyamaza, unapoteza ukaaji na unaweza kufikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako leo. Imani haimzuii mtu kuwa na kalenda!

Watataka ushahidi. Hapa kwetu, mniwie radhi kwa mfano huu, anayenunua mbwa sokoni Lubao haangalii kamba, anaangalia mbwa. Picha za harusi ni kamba. Wao wanatafuta maisha: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wawili, akaunti ya benki ya pamoja, kodi mliyolipa pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, viapo vya watu wanaowajua.

Ndiyo maana naombwa barua. Niliyewafungisha ndoa nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu. Lakini ukiniomba nishuhudie ndoa ambayo haipo, kalamu yangu itakaa mfukoni. Usiniletee bahasha. Sheria ya huko inaweza kukufunga miaka 5 kwa ndoa ya uongo, na mbinguni pia kuna faili.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye uchungu.

Mama mmoja alikuja kwangu baada ya ibada. Binti yake anapigwa na mume huko ng'ambo. Ukoo umemwambia binti avumilie mpaka kadi itoke, kwa sababu mume amesema bila sahihi yake atarudishwa Kenya. Mama akaniuliza, "Pasta, nimwambie avumilie?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Mwambie atoke akiwa hai."

Mpendwa, huyo mume hakusema ukweli wote. Sheria ile ile inamruhusu aliyepigwa au kutendewa ukatili kupeleka I-751 peke yake, bila sahihi ya mwenzake, akionyesha kwamba aliingia kwenye ndoa kwa nia njema. Hahitaji kungoja zile siku 90. Njia hiyo ipo pia kwa aliyeachika na kwa aliyefiwa, mradi ndoa ilikuwa ya kweli. Atafute wakili wa uhamiaji, si rafiki anayejua watu. Atunze ripoti za polisi na za hospitali.

Na wewe mzazi, nakusihi. Najua karo inangoja, najua nyumba haijaezekwa. Lakini ukimwambia mtoto arudi kwenye ngumi ili mabati yapatikane, umemuuza. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, si na wageni. Soma Mwanzo 37. Mpigie simu leo, na usianze na habari ya pesa. Muulize, "Mwanangu, uko salama?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Tuombe. Bwana, ilinde ndoa ya kweli iliyo mbali na nyumbani. Mpe ujasiri anayelia gizani, afungue mlango atoke. Utupe sisi wazazi moyo wa kumpokea hata akirudi mikono mitupu. Kwa jina la Yesu.

Kama umeomba pamoja nami, andika AMINA, kisha umtumie mtu mmoja aliye ng'ambo ujumbe huu.

Mchungaji wako, Lubao.