Mimi Ndiye Niliyefuta Sauti ya Bibi

Yule kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo hakuharibu kitu. Kwa miaka mingi ukoo wetu, kule upande wa Mtinko, umeamini kwamba kompyuta yake ilikuwa na virusi na ndiyo iliyomeza sauti ya bibi. Aliyewaambia hivyo ni mimi, na nilipokuwa nawaambia nilijua kuwa nasema uongo. Baba mdogo alifunga safari mpaka Singida mjini akamfokea mbele ya wateja wake. Kijana wa watu hakujua hata anashtakiwa kwa kosa gani.

Mwaka 1989 baba mdogo alimrekodi bibi kwa redio kaseti, uani kwake, wakati wa kupura uwele. Upande wa kwanza zilikuwa nyimbo za kupura, bibi akianzisha na wanawake wakiitikia, na chini ya sauti zao magongo yakitua kwa pamoja. Upande wa pili bibi alisimulia habari za Liti, yule mama wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapiga Wajerumani kwa nyuki, ambaye uwanja wa mpira wa Singida unaitwa kwa jina lake. Alisimulia kama alivyosikia kwa mama yake, kwa Kinyaturu cha zamani chenye maneno ambayo sisi wajukuu hatuyasemi tena. Katikati ya kisa anakatiza, anamkaripia mtoto awafukuze mbuzi kwenye nafaka, kisha anaendelea palepale alipoachia. Bibi alipofariki, kaseti ile ndiyo ilikuwa kumbukumbu pekee ya sauti yake. Ilipigwa kwenye misiba na kwenye harusi. Ilikatika mara kadhaa, na kila mara baba mdogo aliiunga kwa selotepu.

Mwaka 2011 nilinunua kimashine cha MP3, kile kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Siwezi kukisema vibaya kwa kila kitu, kwa sababu kilinifaa sana. Kilikuwa na gigabaiti 2. Kwa ubora wa kawaida dakika moja ya muziki hula megabaiti moja hivi, kwa hiyo mfukoni nilibeba nyimbo za zaidi ya saa 30, sawa na kaseti 20 za dakika 90. Hakikuhitaji bando wala mtandao. Nikiwa shambani kwenye alizeti, mahali ambapo simu haishiki, nilipalilia na muziki wangu, na jioni nikakichaji kwa sola. Kwa mtu aliyezoea kubeba redio yenye betri kubwa sita, hiyo ilikuwa raha ya kweli. Ubaya wa masikio niliupata pia: nilikuwa nafungulia mpaka mwisho bila kujali, na leo Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Lakini hilo ni langu na masikio yangu.

Nilimwambia baba mdogo anipe kaseti niihamishie humo, ili isikatike tena. Alisita. Nikamwambia teknolojia imebadilika, nikaichukua. Kwenye kompyuta ya ofisini niliunganisha waya kutoka kwenye redio kaseti nikairekodi yote, pande mbili. Hapo nilifanya kosa la kwanza. Faili la MP3 linakuwa dogo kwa sababu linatupa sauti ambazo sikio halizishiki vizuri zinapofunikwa na nyingine. Ukilibana zaidi, linatupa zaidi. Mimi nikachagua kilobiti 64 kwa sekunde, ili nibakize nafasi ya nyimbo zangu. Nilipoisikiliza, sauti ya bibi ilikuwepo, ila mlio wa magongo ulikuwa umegeuka kuwa mchakacho. Nikaona inatosha. Nikaiweka kwenye kimashine, kisha nikalifuta faili kwenye kompyuta kwa kuwa ilikuwa mali ya ofisi.

Kaseti yenyewe niliirudisha nyumbani na kuiacha juu ya kabati, nikawaambia watoto haina kazi tena. Uwele ulipoanza kukomaa na kweleakwelea wakaingia, watoto wakauchomoa ukanda wake wakaufunga kwenye vijiti kuzunguka shamba, maana ukanda wa kaseti ukipigwa na upepo hulia na kumetameta, na ndege huogopa. Niliupita asubuhi nikiwa naenda kazini. Niliutambua kwa kile kipande cha selotepu. Sikusimama.

Siku ya safari ya Dar es Salaam nilikwenda kibandani kuongeza nyimbo za njiani. Kijana alichomeka kimashine, kikakataa kufunguka. Nadhani nilikuwa nimekichomoa vibaya siku za nyuma.

"Bro, inadai fomati. Humu kuna kitu cha maana?"

Aliniuliza. Nataka kila anayesoma hapa alijue hilo. Mawazo yangu yalikuwa kwenye basi, nikamjibu, "Hamna, wewe fomati tu."

Tulipofika Manyoni nilikuwa natafuta wimbo, nikaona folda la bibi halipo. Nikatafuta tena. Nilitoa hedifoni, nikabaki nimekishika mkononi mpaka Dodoma.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wakati ule sauti bado ilikuwa humo. Fomati ya haraka inafuta orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Mafaili yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kijana alikuwa ameweka nyimbo chache tu, na sehemu kubwa ya nafasi ilikuwa haijaguswa. Zipo programu za bure, PhotoRec ni mojawapo, zinazochimba na kuyarudisha mafaili ya namna hiyo. Ningemweleza fundi yeyote wa kompyuta pale Dar es Salaam, jibu lake la kwanza lingekuwa usiweke kitu kingine humo. Sikumweleza mtu kwa sababu ya aibu. Nikakijaza nyimbo mpya mpaka pomoni, ili mtu akikishika asione pengo. Ninaamini bibi alifutika pale, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu. Niliporudi nikasema ni virusi vya kibandani.

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950 aliwarekodi Wagogo, jirani zetu, na sauti zile zinasikika mpaka leo kwa kuwa rekodi za asili zilitunzwa na kunakiliwa. Kimashine changu kilitengenezwa kwa ajili ya kusikilizia. Kazi ya kutunza nilikipa mimi, na watunzaji wengine wote nikawaondoa mmoja baada ya mwingine.

Baba mdogo nimeshamwambia. Aliniuliza kwa nini nilimwacha aende kumdhalilisha mtoto wa mwenzake, na sikuwa na jibu. Kijana yule sasa ana duka lake. Nimemwomba msamaha mbele ya baba mdogo.

Shangazi bado anakumbuka sehemu ya kisa cha Liti, nami nimeanza kumrekodi bila kubana sauti, nakala moja kwangu, moja kwa baba mdogo, moja kwa binamu aliyeko Arusha. Hazina nyimbo za kupura. Lakini miaka ya tisini baba mdogo aliwahi kuazimisha ile kaseti kwa watu wa harusi, na wengine walikuwa na redio za deki mbili, kwa hiyo huenda walinakili. Kama kwenu Mtinko, Ilongero au Merya kuna kaseti ya zamani ambayo mama mmoja anasimulia kwa Kinyaturu kisha anamfokea mtoto kuhusu mbuzi, tafadhali tujulisheni. Msiipige kwanza hata kama redio ipo, maana ukanda wa miaka hiyo hunasa na kukatika. Tutaifuata wenyewe.