Siku Kumi na Nne za Nyungunyungu

Mwaka 1986 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo, kijana wa Machame mwenye cheti cha ufundi sanifu wa maabara na koti la kuazima. Nilidhani nitafundishwa kupima mabaki ya dawa kwenye buni. Nikapangiwa chumba cha nyungunyungu. Nilipomwandikia Baba kumweleza kazi yangu, barua yake ya majibu ilikuwa na salamu za ukoo mzima na swali moja: "Yaani mwanangu umepandishwa ndege ukawahesabu nyungunyungu, na hapa kihambani wamejaa?" Nilicheka, lakini kumjibu kulinichukua miaka.

Nimekwisha staafu. Vijana wanaokagua viuatilifu siku hizi hunijia na mafaili, wakinionyesha mstari mmoja ulioandikwa kwamba dawa fulani haina madhara kwa nyungunyungu. Huwauliza mstari huo umetokana na nini, na wengi hawajawahi kuona jaribio lenyewe likifanyika. Mimi nililiona, nikalifanya kwa mikono yangu. Kwa hiyo naeleza.

Wakati ule jaribio lilikuwa changa. Mwaka 1979 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imepitisha sheria kwamba kemikali mpya sharti ipimwe kabla ya kuingia sokoni, na udongo nao ukahitaji mnyama wa kuusemea. Shida ni kwamba kila maabara ilikuwa na udongo wake na namna yake, na matokeo hayakulingana. Clive Edwards, mtaalamu wa viumbe wa udongoni katika kituo cha Rothamsted kule Harpenden, ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza njia moja itakayofanyika sawasawa katika maabara nyingi za Ulaya. Aprili 1984 shirika la OECD likaitoa kama mwongozo namba 207. Nakala tuliyotundika ukutani ilikuwa bado haijapauka.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mkuu, mama wa makamo mwenye maneno machache. Siku za mwanzo hakunigusisha sumu yoyote. Alinipa mapipa ya samadi ya farasi yaliyokuwa na nyungunyungu wembamba wekundu, Eisenia fetida, akaniambia nijifunze kwanza kuwatunza. Hao si wale wanene wanaochimba mashimo marefu shambani. Ni wakazi wa samadi na majani yanayooza. Walichaguliwa kwa sababu huzaliana upesi na hufugika ndani ya maabara. Tulichukua waliokomaa tu, wenye umri wa angalau miezi miwili na ule mkanda mnene mwilini unaoonyesha kwamba wamefikia kuzaa, na kila mmoja alipimwa uzito: miligramu 300 hadi 600.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Ndani ya chupa ndogo ya kioo tulitandika karatasi ya kuchujia, tukadondosha mililita moja ya kemikali iliyoyeyushwa, tukakausha, tukalowanisha tena kwa maji safi, kisha tukamtia nyungunyungu mmoja. Kabla ya hapo alikuwa amelazwa saa tatu kwenye karatasi mbichi ili atoe uchafu wa tumboni. Chupa zililazwa ubavu gizani kwa saa 48. Jaribio hili lilikuwa la haraka na rahisi, ila lilieleza machache, maana nyungunyungu haishi juu ya karatasi. Lilitusaidia kupanga ni kemikali zipi za kutazamwa kwa makini zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya udongo, na udongo ule tuliutengeneza wenyewe. Asilimia 70 ilikuwa mchanga laini wa kwatzi, asilimia 20 udongo mweupe wa kaolini, na asilimia 10 mboji ya vinamasini iliyokaushwa na kusagwa. Tuliongeza unga wa chokaa kidogo kidogo mpaka pH ikafika 6, tukatia maji kiasi cha asilimia 35 ya uzito mkavu. Nilipoushika mara ya kwanza nilishangaa: ulikuwa udongo usio wa mahali popote. Fundi mkuu akaniambia ndiyo maana yake. Mtu wa Berlin na mtu wa Paris wakiuchanganya kwa vipimo vile vile, watakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Kila chombo kilichukua gramu 750 za udongo huo uliochanganywa na kemikali, na nyungunyungu kumi. Vyombo vilikuwa vinne kwa kila kiwango, viwango vitano vilivyopanda kwa uwiano ule ule, na vinne vingine visivyotiwa kitu, vya kulinganishia. Chumba kilikaa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na taa haikuzimwa usiku wala mchana. Nilidhani taa ni kwa ajili yetu. Kumbe ni ya kuwazuia: nyungunyungu huchukia mwanga, kwa hiyo taa ikiwaka hubaki chini, ndani ya udongo wenye sumu, badala ya kupanda juu kuukimbia.

Siku ya saba tulimwaga udongo kwenye sinia na kuhesabu. Asiyeonekana kusogea aliguswa taratibu upande wa kichwa, na asipojikunja aliandikwa amekufa. Walio hai walirudishwa ndani ya udongo ule ule. Siku ya 14 tulihesabu kwa mara ya mwisho. Hesabu zilipelekwa kwenye karatasi ya grafu ili kupata kiwango kinachoua nusu ya wanyama, ambacho wataalamu hukiita LC50. Na kama katika vyombo vya kulinganishia walikufa zaidi ya asilimia 10, jaribio zima lilitupwa hata kama tarakimu zake zilipendeza. Mara kwa mara tulijipima pia kwa kloroasetamidi, kemikali ya rejea ambayo LC50 yake ilitakiwa iangukie kati ya miligramu 20 na 80 kwa kilo ya udongo. Ikianguka nje ya hapo, kasoro ilikuwa yetu na si ya dawa.

Nasema wazi kwamba niliipenda nidhamu hiyo. Na jaribio lilifanya kazi yake. Kabendazimu, dawa ya ukungu, na kabofurani, dawa ya wadudu iliyokuwa ikitumiwa sana mashambani, ni miongoni mwa kemikali zenye sumu kali kwa nyungunyungu, na jaribio la siku 14 halihangaiki kuzitambua. Kemikali inayoua upesi haikuwa na pa kujificha.

Kilichonisumbua kilikuja tulipopima chumvi ya shaba. Kwetu uchaggani shaba ni jambo la nyumbani. Kahawa ina ugonjwa wa chulebuni, uliogunduliwa Kenya mwaka 1922, na ina kutu ya majani. Kwa miongo mingi dawa ya magonjwa yote mawili ilikuwa shaba ya namna moja au nyingine. Tangu utotoni nilimwona Baba akibeba bomba mgongoni, na majani ya mibuni yakibaki na rangi ya mrututu mpaka mvua iyaoshe. Shaba ikioshwa haipotei. Si kama dawa nyingine zinazovunjwavunjwa na vijidudu vya udongo; hii hushikamana na tabaka la juu na kubaki hapo, msimu juu ya msimu.

Katika vyombo vya kiwango cha kati, siku ya 14, nyungunyungu wote walikuwa hai. Nikaandika sifuri kwenye safu ya vifo. Lakini kwenye mizani walikuwa wamekonda, na walipoguswa walijikunja kivivu. Nikamwuliza fundi mkuu kama hawa watazaa. Akaniambia, "Uzito na tabia yao viandike kwenye maelezo. Lakini waraka huu unauliza kama wamekufa au hawakufa, na wewe umekwisha lijibu." Hakuwa akinikemea. Alikuwa akinionyesha mwisho wa uwezo wa chombo tulichoshika.

Jibu lake lilinirudisha kwenye kisa kilichowatia watu wa Ulaya na Marekani hofu ya viuatilifu. Mwandishi Rachel Carson alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Chuoni Michigan miti ya elmu ilipuliziwa DDT kuzuia ugonjwa uliokuwa ukienezwa na mbawakawa. Majani yakaanguka, nyungunyungu wakayala, na masika yaliyofuata ndege aina ya robini wakala nyungunyungu hao, wakafa. Tazama aliyekufa ni nani. Nyungunyungu wengi walikuwa hai, wamebeba sumu mwilini. Kama DDT ingeletwa mbele yetu katika chumba kile chenye taa isiyozimwa, ingeondoka na cheti kizuri.

Nilirudi nyumbani, na siku ya kwanza kushika jembe nilichimba sehemu mbili. Chini ya migomba, Mama alikotupa samadi ya ng'ombe, nyungunyungu walikuwa tele. Katika shamba kubwa la jirani, lenye mibuni mitupu iliyopuliziwa shaba kwa miaka mingi, nilichimba na kuchimba nikapata wachache. Sikuuita huo utafiti, kwa sababu kivuli, samadi na maji navyo vilitofautiana. Lakini nilimwita Baba, akasimama akatazama mashimo yote mawili. "Kwa hiyo hicho ndicho ulichokwenda kuhesabu," akasema.

Miaka iliyofuata sayansi yenyewe ilijaza pengo. Mwaka 1994 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya shaba katika udongo ule ule wa kutengeneza. Ili kuua nusu ya nyungunyungu kwa siku 14 zilihitajika zaidi ya miligramu 600 kwa kilo. Ili kupunguza kwa nusu vifuko vya mayai walivyotaga, zilitosha miligramu 50 na kitu. Maana yake ni kwamba shamba laweza kuwa na nyungunyungu wanaotambaa leo na lisiwe na watakaowarithi. Mwaka 2004 OECD ilitoa mwongozo namba 222, wa uzazi, unaochukua wiki nane: wiki nne wakubwa hukaa kwenye udongo wenye kemikali, kisha huondolewa, na wiki nne baadaye wachanga huhesabiwa. Na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipobadili masharti ya taarifa za viuatilifu, jaribio la uzazi likabaki la lazima na lile la siku 14 likaondolewa.

Lipo pia jambo la udongo. Asilimia 10 ya mboji ni nyingi kuliko iliyopo katika mashamba mengi, na mboji hushika kemikali nyingi zisizopenda maji, zikawa hazimfikii mnyama kwa urahisi. Ndiyo maana Ulaya, kwa kemikali za namna hiyo, wakaguzi huigawa kwa mbili tarakimu iliyotoka maabara. Na nyuzi 20 si joto la Kilosa wala la Kahama. Watafiti wa nchi za joto wamekwisha jaribu kutumia vumbi la makumbi ya nazi badala ya mboji ya vinamasini, na joto linalofanana na la kwetu. Walikuta sumu haibadiliki kwa mwelekeo mmoja: dawa moja huzidi ukali kwenye joto, nyingine hupungua. Kaolini tunayo Pugu, nazi tunazo pwani nzima, na nyungunyungu Baba alikwisha sema wapo.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Arusha, na popote dawa zinapoandikishwa Afrika Mashariki: mstari unaosema LC50 ni zaidi ya miligramu 1,000 usiwafunge mdomo. Ni kweli, na ni habari ya siku 14 tu. Ulizeni jaribio la uzazi liko wapi, lilifanywa kwenye udongo gani na kwa joto gani. Ulizeni kemikali hukaa shambani muda gani na mkulima atapuliza mara ngapi kwa msimu. Na kama mwenye dawa ana jibu la siku 14 peke yake, mrudishieni faili lake.