TUPIME MAJANI YA YAEDA CHINI

Leo twende pamoja Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara.

Ukitoka mjini Mbulu, kwanza unapita nchi ya juu. Huko kuna baridi. Utaona mashamba ya mahindi na maharage. Kisha barabara inashuka. Kila unaposhuka, joto linazidi. Mashamba yanapungua. Sasa unaona mibuyu na migunga. Chini kabisa ni bonde pana. Mvua ikiwa nyingi, maji hutuama katikati ya bonde. Wakati wa kiangazi udongo hukauka na kupasuka. Upande wa magharibi kuna vilima, na nyuma ya vilima hivyo ni Ziwa Eyasi.

WATU WA BONDE

Katika bonde hili wanaishi Wahadzabe. Wao huwinda, hurina asali, huchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini. Wapo Wadatoga, ambao ni wafugaji. Wapo pia Wairaqw, ambao hulima na kufuga.

Watu hawa wote wanategemea majani. Ng'ombe anakula majani. Swala naye anakula majani. Yakiisha, ng'ombe anakonda, na swala anahama. Hapo mfugaji na mwindaji wote wamepata hasara, na ugomvi wa ardhi unaanza.

Kwa sababu hiyo kupanga matumizi ya ardhi ni jambo kubwa hapa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja. Lakini hati haioteshi majani. Lazima tujue pia ardhi inatoa malisho kiasi gani kwa mwaka.

MACHO PEKE YAKE HAYATOSHI

Utasema, "Mimi nimechunga tangu utoto. Nikitazama majani nayajua." Ni kweli. Wazee wanajua mengi kuhusu malisho, na ujuzi wao usiachwe. Lakini fikiri kidogo. Majani unayoyaona leo ni yale yaliyobaki. Mengine yameliwa tayari. Ukitaka kujua mwaka huu yameota kiasi gani, lazima uhesabu pia yale yaliyoliwa. Utafanyaje?

Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, kaskazini, ni nchi ya Ngorongoro na Serengeti. Katika miaka ya 1970, mtaalamu kutoka Marekani, Samuel McNaughton, alipima majani ya Serengeti. Alizungushia uzio sehemu ndogo ndogo ili wanyama wasizile. Aliona kwamba mvua ikizidi, majani nayo huzidi. Aliona pia kwamba wanyama hula karibu theluthi mbili ya majani yanayoota kwa mwaka.

Jambo jingine lilimshangaza. Mwezi Mei 1974 nyumbu wengi walipita mahali fulani. Kwa siku nne tu walimaliza sehemu kubwa ya majani mabichi. Lakini walipoondoka, majani yaliyoliwa yalichipua tena. Angalia neno hili: walipoondoka. Majani yalipata nafasi ya kupumzika. Nyumbu wangebaki hapo hapo, machipukizi nayo yangeliwa.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii inaweza kufanywa na kikundi cha wanakijiji. Bwana mifugo anaweza kuwasaidia.

1. Tengenezeni fremu ya miti, mita moja kila upande.

2. Mwanzoni mwa mwezi, chagueni sehemu mbili zinazofanana, zilizo karibu. Moja izungushieni miiba. Nyingine kateni majani yote yaliyo ndani ya fremu.

3. Anikeni majani hayo mpaka yakauke kabisa, kisha yapimeni kwa mizani.

4. Baada ya mwezi mmoja, kateni majani yaliyo ndani ya uzio. Yakausheni na kuyapima.

5. Toeni uzito wa kwanza katika uzito wa pili. Jibu ndilo ota la mwezi huo. Kwa mfano, gramu 90 toa gramu 60 ni gramu 30.

6. Hamishieni uzio mahali pengine, na mwanze tena. Msiuache hapo hapo, kwa maana majani yasiyoliwa hayaoti sawa na yale yanayoliwa.

Fanyeni hivyo katika sehemu kumi au zaidi, kisha tafuteni wastani. Jumlisheni miezi yote. Hilo ndilo ota la mwaka.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano. Jumla ya mwaka ni gramu 100 kwa kila mita ya mraba. Kwa ekari moja ni karibu kilo 400. Nusu iacheni ilinde udongo na mizizi. Zinabaki kilo 200. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Basi ekari moja itamlisha ng'ombe mmoja kama siku 33 tu. Kiangazi cha Yaeda huanza Juni na kufika Oktoba. Ni kama siku 150. Kwa hiyo ng'ombe huyo mmoja anahitaji karibu ekari tano. Na hapo hatujawahesabu mbuzi, kondoo wala swala.

Sasa katika mkutano wa kijiji mna jambo la kuzungumza. Malisho ya kiangazi yafunguliwe lini? Yanatosha ng'ombe wangapi? Mtu akiomba kulima kipande cha malisho, kijiji kitapoteza siku ngapi za chakula cha mifugo? Hesabu iliyoandikwa daftarini itawasaidia kujibu bila kugombana.

Mvua za Yaeda huanza Novemba au Desemba. Tayarisheni fremu na daftari kabla tone la kwanza halijaanguka. Wekeni na kipima mvua, ili kila mwaka mjue mvua ilikuwa kiasi gani, na majani kiasi gani.