Sikio Halipiti Kichwa

Barua ya kwanza ya kliniki ya masikio ilipofika katika nyumba moja mjini Leicester, mzee aliyeandikiwa aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia katika droo ya bili za umeme. Ya pili nayo aliifanyia vivyo hivyo. Ya tatu iliangukia mikononi mwa bintiye, naye alipopiga simu kliniki aligundua kwamba miadi miwili ya awali ilifutwa na mzee mwenyewe. Alipomuuliza sababu, babake alimjibu kwa methali ambayo watoto wa Mombasa huisikia mapema: "Mwanangu, sikio halipiti kichwa." Mkubwa ameshaamua, na mtoto hana la kuongeza.

Uamuzi huo haukuwa ukaidi mtupu. Kwa miaka minane mzee alikuwa akiishi na mvumo katika masikio yote mawili, sauti nyembamba isiyokatika, kama nyenje wa usiku ambaye hakuna anayemwona. Mwanzoni ulimnyima usingizi. Baadaye alijifunza kulala na redio iliyopunguzwa kando ya kitanda, na taratibu akauzoea. Kisha siku moja, baada ya sala ya alasiri, mwenzake mmoja alimsimulia yaliyompata. Alikwenda kupimwa masikio akiwa na mvumo mdogo kama wa mbu, akatoka na mvumo kama wa birika linalochemka, na wiki tatu hakulala. Mzee alipima maneno hayo kwa akili zake. Mtu aliyekwisha kuzoeana na jirani mkorofi, alijiambia, hana haja ya kwenda kumgongea mlango.

Hofu ya namna hii wanayo watu wengi wenye mvumo, na haifai kuchekwa. Ili kuipima sawasawa, ni lazima kwanza kujua kinachofanyika katika chumba kile. Kipimo cha kawaida cha usikivu huanza na sauti ambayo mtu anatarajiwa kuisikia bila taabu, mara nyingi kwenye desibeli 40 hivi kwa mwenye masikio mazuri. Akiashiria kwamba ameisikia, hupunguzwa kwa desibeli 10. Asipoisikia, huongezwa kwa 5. Hupandishwa na kushushwa hivyo, kutoka sauti nzito ya hezi 250 hadi nyembamba ya hezi 8,000, mpaka upatikane ule mpaka ambapo sauti inasikika kwa shida. Kila sauti hudumu sekunde moja hadi tatu. Kwa mwenye usikivu hafifu sauti hupandishwa zaidi, lakini kwa hatua, na lengo hubaki lile lile: kutafuta sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Sikio zima halijeruhiwi na mnong'ono wa sekunde mbili.

Kwa nini basi watu wa kweli hutoka mle wakisema mvumo wao umekua? Sehemu ya jibu imo katika ukimya. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu wazima 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti, wakawataka waeleze watakachosikia. Asilimia 94 walisikia sauti fulani, ingawa hapakuwa na kitu kilicholia. Ikiwa wasio na maradhi husikia mivumo pale kelele za dunia zinapoondolewa, mwenye mvumo wake tayari atausikia kwa ukubwa ambao hajawahi kuusikia. Tena ameambiwa asikilize kwa makini sauti nyembamba zinazofanana na mvumo wenyewe. Nusu saa nzima akili yake inafundishwa kuusaka. Akitoka, msako huendelea nyumbani, na kadiri hofu inavyozidi, ndivyo akili inavyoendelea kuuhesabu mvumo kuwa ni hatari isiyofaa kuachwa bila mlinzi. Kwa kawaida hali hiyo hutulia, lakini anayepitia siku hizo bila kuelezwa hana njia ya kujua kwamba zitapita.

Hata hivyo, kusema kwamba yote ni hofu tu kungekuwa ni kuwadhulumu wagonjwa. Vipo vipimo vingine ambavyo si vya sauti ndogo. Kimoja huchunguza namna msuli mdogo wa sikio la kati unavyojikaza kujibu kishindo, na sauti yake huweza kufika desibeli 100 au kupita. Kingine hupandisha sauti makusudi hadi mtu aseme haivumilii tena. Zimewahi kuchapishwa taarifa za kitabibu kuhusu watu waliopata mvumo au kupungukiwa na usikivu baada ya kipimo cha ule msuli kufanywa kwa sauti kubwa mno. Matukio hayo ni machache, lakini yapo. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka 2020 unashauri kwamba vipimo hivyo viwili visitolewe kwa ajili ya kuchunguza mvumo. Mwongozo huo huo unataka mwenye mvumo apimwe usikivu kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo swali la mzee, iwapo kupimwa kutamzidishia maradhi, halijibiki mpaka liulizwe pamoja na jingine: kipimo kipi?

Na kutopimwa nako kulikuwa na gharama yake. Mzee alifanya kazi miaka 23 katika kiwanda cha nguo, mahali ambapo wafanyakazi walizungumza kwa ishara kwa sababu mashine zilizimeza sauti zao. Kelele ya desibeli 85 huhesabiwa kuwa na kikomo cha saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu, hata kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo takriban 15,000 zinazopokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wataalamu wengi wanaona kwamba ubongo, unapokosa habari kutoka kwa seli hizo, huongeza juhudi za kusikiliza, na mvumo ni matokeo ya juhudi hizo. Kwa mzee, zilizotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Irabu alizisikia vizuri, lakini "shika" na "fika" zilianza kuwa neno moja. Kwenye simu alimjibu dadake aliyeko Mombasa maswali ambayo hakuulizwa, mpaka dada akapunguza kupiga. Mzee alidhani dada amekasirika. Dada alidhani mzee anapotewa na akili.

Bintiye hakubishana na ile methali. Alichukua karatasi akaandika maswali matatu: ni vipimo gani vitafanywa, vipo vya sauti kubwa, naweza kusimamisha nikitaka? "Baba, uliza haya tu," alimwambia. "Usiporidhika na majibu, tutarudi nyumbani." Mzee alikwenda na karatasi mfukoni.

Mtaalamu aliyempokea alijibu moja baada ya jingine. Kipimo cha kishindo hakingefanywa. Sauti zingetolewa kwa kudundadunda ili asizichanganye na mvumo wake usiokatika. Mlango usingefungwa kwa ufunguo, na angeweza kuvua vipokea sauti vya masikioni wakati wowote. Kisha alimwonya kwamba mle ndani mvumo ungesikika mkubwa, na pengine jioni ile pia, na kwamba hilo lisimtishe. Ikawa kama alivyosema. Mlango ulipofungwa, nyenje wake alilia kuliko siku zote. Usiku aliongeza redio kidogo. Siku ya nne alikumbuka, akiwa katikati ya kunywa chai, kwamba tangu asubuhi hakuwa ameusikiliza.

Sasa anavaa vifaa vya kusaidia kusikia. Mvumo haukuondoka, ila mchana hufunikwa na sauti nyingine: bomba la maji, ndege wa bustanini, dadake ambaye amerudi kupiga simu kila Ijumaa.

Wiki chache baadaye alikaa tena na yule mwenzake baada ya alasiri. Hakumwambia kwamba alikosea, maana hakuwa na hakika kwamba alikosea. Alimuuliza jambo moja: siku ile ulipimwa kwa kipimo gani? Mwenzake alifikiri kitambo, akatikisa kichwa. Hakujua. Alivalishwa, akapigiwa sauti, akaambiwa basi, aende. Mzee akatoa mfukoni ile karatasi ya maswali matatu, iliyokwisha kuchakaa mikunjo, akampa.