Karatasi za Shamba na Kumbukumbu za Wazee

Mwezi huu napenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati umekwisha kupita, yaani karatasi za mashamba: jinsi ya kuzitafuta, kuziandika na kuzihifadhi. Kwa miaka mingi jirani zangu hapa Tumati huniletea karatasi zao niwasomee, tena huniita niwe mwandishi wanapogawana ardhi. Basi yale niliyoyaona nayaweka mbele yenu, ili baba na mama wa kila nyumba wayatafakari.

Karatasi hizo ni za namna nyingi. Nimeona ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye alama za vidole gumba vitatu na jina moja lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Nimeona stakabadhi za kodi, barua za watendaji wa kijiji, na maandishi ya mirathi yaliyokunjwa hata wino umefutika katika mikunjo. Nyingi hazina tarehe. Nyingine zasema tu kwamba fulani amemwuzia fulani shamba lililo karibu na mto, kana kwamba mto ni mmoja na shamba ni moja.

Wazee wetu hawakuwa wajinga kwa kukosa karatasi. Kila aya, ndiyo nchi ya watu wakaao pamoja kwa desturi ya Wairaqw, ilikuwa na mipaka yake, na ndani yake kila mtu alijua shamba lake laishia wapi. Alama ilikuwa jiwe, au mfereji, au mti mkubwa, au safu ya minyaa. Husemwa kwamba hata jina la Manyara limetoka katika neno la Kimaasai la mmea huo huo wa uzio. Jirani alikuwa ndiye shahidi, na aibu ilikuwa mlinzi wa mpaka. Lakini siku hizi shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana limegawanywa kwa wajukuu. Vilima vimejaa watu, na ardhi ina bei. Mzee akifa, shahidi amekufa. Na mnyaa waweza kung'olewa usiku mmoja.

Nitatoa mfano mmoja, bila kumtaja mtu. Mjane wa upande wetu alidaiwa na shemeji zake kwamba shamba la bondeni marehemu mumewe aliazimwa tu, wala hakulinunua. Mama yule alikuwa na watoto wanne, na chakula chao cha mwaka kilitoka katika bonde lile. Tulitafuta siku mbili. Karatasi ya mauzo tuliikuta ndani ya kitabu cha nyimbo, nayo haikuwa na mwaka. Iliandika tu kwamba mapatano yalifanyika baada ya mavuno, wakati vijana waliporudi kutoka vita ya Uganda. Kwa hayo tulijua kwamba ni mwaka 1979. Mashahidi walikuwa wanne. Watatu walikuwa wamekwisha kufa, na wa nne, mzee sana, alikuwa akikaa kwa mwanawe huko Dongobesh.

Mzee yule aliletwa. Hakuulizwa maneno mengi. Karatasi ilisema kwamba upande wa mashariki mpaka ni mfereji, na sasa hapakuonekana mfereji wo wote. Mzee akatembea polepole na fimbo yake, akasimama, akasema, Chimbeni hapa. Wakachimba, wakakuta mkondo wa zamani uliojaa udongo, wenye mawe yaliyopangwa pande zote mbili. Baraza likasuluhisha, na mama akabaki na shamba lake. Lakini kipande kingine cha juu, ambacho mumewe alipewa kwa maneno tu, hakikuwa na karatasi wala shahidi, nacho kikakatwa kati. Jambo hili lilinifundisha kuwa karatasi peke yake haitoshi, na kumbukumbu peke yake haitoshi. Bali zikipatana, zina nguvu.

Huenda msomaji atauliza, Je, haki ya kimila ina heshima mbele ya sheria? Jibu lilitoka kwa watu wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1987 baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, ambako wakati ule kulikuwa katika wilaya ya Mbulu na leo ni Karatu, walidai mahakamani shamba lao la kimila, wakashinda. Rufani ya wenzao ilipokuwa ikingoja, ikatungwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa zamani za Operesheni Vijiji, ikakataza fidia, na kuziondolea mahakama mashauri ya namna hiyo. Baba na mwana hawakunyamaza, bali waliipinga sheria yenyewe. Mwezi wa Desemba 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ibara ya 24, wala haiwezi kufutwa bure bila fidia. Vifungu vile vikabatilishwa. Hao hawakuwa matajiri wala watu wa mjini. Walikuwa wakulima kama sisi.

Baada ya hayo zilitungwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria hiyo ya vijiji, mwanakijiji aweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kwanza kijiji chenyewe hupatana na vijiji jirani juu ya mipaka, nacho hupata Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kisha mwenye shamba huomba kwa halmashauri ya kijiji. Shamba hukaguliwa mbele ya majirani wa pande zote, na hapo ndipo kila mwenye neno hulisema. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mwenye shamba hutia sahihi au kidole gumba. Halafu Afisa Ardhi wa Wilaya huitia sahihi na mhuri na kuisajili. Kumbukumbu zake hukaa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Katika wilaya yetu ya Mbulu, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambao huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipewa mwaka 2011 hati ya namna hiyo ya pamoja, ili nchi yao isimegwe kidogo kidogo. Maana yake ni kwamba hata mtu asiyelima aweza kuandikiwa haki yake.

Sasa nitasema jinsi ya kufanya kazi hii nyumbani. Kwanza, tafuteni kabla ya ugomvi. Fungueni sanduku wakati wa amani, mbele ya wote wa nyumba, mkaandike orodha ya kila karatasi iliyomo. Asiyeweza kusoma asione haya. Amwite mwalimu au mtoto wake wa shule.

Pili, waulizeni wazee wangali hai. Msiwaulize mwaka, maana wengi hawakuhesabu kwa miaka. Waulizeni, Je, ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baadaye? Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 hata 1976? Kabla ya mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998? Maswali ya namna hii hufungua mengi. Yaandikeni maneno yao kama walivyoyasema, na jina la msemaji, na siku aliposema. Kisha tembeeni naye mpakani, maana miguu ya mzee hukumbuka mahali ambapo ulimi wake umesahau.

Tatu, mkiandika mauzo au mgawo, andikeni majina kamili ya wote, tarehe, bei kwa tarakimu na kwa maneno, ukubwa wa shamba, na jirani wa kila upande: mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Mashahidi wawe wa pande zote mbili, na baadhi yao wawe vijana, ili shahidi asife kabla ya ushahidi kutakiwa. Tena mauzo ya ardhi ya kijiji yapelekwe kwa halmashauri ya kijiji, kwa kuwa yasiyopitishwa huko yaweza kubatilishwa, hata kama fedha imekwisha kulipwa.

Nne, mwenye mali akifariki, jamaa waende Mahakama ya Mwanzo wakamteue msimamizi wa mirathi. Nimeona wana wakishindana miaka juu ya shamba la baba yao, na kila mmoja akiambiwa kwamba hana mamlaka ya kulidai kwa jina la marehemu.

Tano, na hili nalisema kwa mkazo, jina la mke liandikwe. Sheria ya 1999 yasema kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, na desturi yo yote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ndiyo maana hata katika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina watu saba, watatu sharti wawe wanawake. Baba wa nyumba, ukiandika jina lako peke yako, unamwachia mkeo vita ambayo wewe hutakuwapo kumsaidia. Mjane niliyemtaja alikuta jina lake halimo hata mahali pamoja, ijapokuwa yeye ndiye aliyelima bonde lile miaka yote.

Mwisho ni kuhifadhi. Mchwa, panya, moshi na mvua ni adui wa karatasi kuliko wezi. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hati zake mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, zilitiwa katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Na wakati ule mji ulikuwa umezingirwa na adui. Sisi tulio na amani twashindwaje? Itieni hati katika mfuko usiopenya maji, ndani ya kopo la bati. Toeni nakala, moja ikae kwa ndugu mwaminifu wa nyumba nyingine. Na watoto waambiwe iko wapi, maana hati iliyofichwa na marehemu peke yake ni sawa na hati isiyokuwapo.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu, siku moja au mbili, na subira ya kuwasikiliza wazee. Mvua zikikatika na mavuno yakiwa ghalani, kila nyumba iweke siku yake. Nanyi walimu, wapeni watoto wa darasa la juu kazi ya kuandika mipaka ya mashamba ya kwao kama walivyoonyeshwa na babu na bibi zao. Watajifunza kuandika vema, na nyumba zao zitapata ushahidi.