Baiti Kumi na Sita

Msomaji wangu, katika chuo cha ualimu nilifundishwa kusahihisha daftari za watoto kwa wino mwekundu. Sikufundishwa kusahihisha faili lisilo na herufi, na upungufu huo ulinitia aibu mbele ya darasa.

Tulikuwa tumeifunza kompyuta ya shule kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Kila picha ilikuwa na nukta 784, yaani 28 kwa 28, na majibu yalikuwa 10, tangu sufuri hata tisa. Kwa kila nukta na kila jibu palikuwa na uzito mmoja. Ongeza namba 10 za marekebisho, utapata vigezo 7,850. Kila kigezo kilichukua baiti 4. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alipewa kazi ya kulinakili faili la vigezo hivyo katika bodi ndogo ya elektroniki, ambayo programu yake ya ndani niliiandika mimi.

Bodi ikapotoka. Tulipoionyesha 3 ilisema 7. 5 ikaiita 9. 8 ikaiita 2. Haikulalamika wala haikuzima. Ilijibu uongo kwa utulivu wa msema kweli. Nami, bila kupima, nikamwambia yule kijana kwamba ameliharibu faili katika kunakili.

“Mwalimu,” akasema kwa adabu, “naomba tulinganishe.”

Tukatoa namba ya uhakiki ya faili la kwanza na ya nakala, kwa kanuni iitwayo SHA-256. Kanuni hiyo hulisaga faili zima likawa tarakimu 64. Ikigeuka biti moja tu, tarakimu hizo hugeuka zisitambulikane. Zetu zililingana zote. Kijana hakuwa na hatia. Walakini barua yaweza kufika bila kuchanika, na mpokeaji akaisoma anwani kama kwamba ndiyo habari.

Tafadhali chukua kalamu, uzidishe 7,850 kwa 4. Ni 31,400. Faili letu lilikuwa na baiti 31,416. Nililifungua kwa programu ionyeshayo baiti moja moja kwa tarakimu za msingi wa 16, na katika mstari wa kwanza nikaona 10 03 00 00. Baiti ndogo hutangulia: 10 ya msingi huo ni kumi na sita yetu, na 3 ni mara 256, jumla 784. Hicho hakikuwa kigezo. Kilikuwa kichwa cha faili, namba nne nilizoziweka mwenyewe kueleza ukubwa wa jedwali, nikasahau kuiamuru bodi izivuke. Kila uzito ulisogea nafasi nne. Uzito wa jibu la 3 ukakalia kiti cha 7.

Nilimwomba radhi mbele ya wenziwe, nikaongeza mstari mmoja katika programu. Bodi ikaiita 3 tatu, na 8 nane. Ila 4 ya kijana huyo, aiandikayo kwa kichwa kilichofumbwa, ingali ikiitwa 9. Kosa hilo ni la mafunzo, si la faili, nasi bado tunaitafutia mifano.